Mali ya marehemu daktari isiishie kwenye akaunti ya matumizi

Kwa: Wenyeviti wa Mabaraza ya Vyuo Vikuu, Makamu Wakuu wa Vyuo, Wakurugenzi wa Fedha, na wasimamizi wa mirathi wanaowakabidhi fedha

Yah: Ufadhili wa masomo ya udaktari unaotokana na wasia

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu. Daktari amefariki, wasia umesomwa, na ndani yake kuna sentensi moja tu: sehemu ya mali yake isomeshe udaktari vijana wasio na uwezo. Familia inaleta hundi, picha inapigwa, tangazo linabandikwa. Kuanzia hapo wengi wenu hufanya kosa lile lile, nalo si wizi. Mnaipokea fedha ile kama mchango.

Mchango hutumika ukaisha, na hakuna wa kuuliza. Fedha ya wasia wa namna hii iko karibu zaidi na wakfu: asili hubaki, mazao ndiyo yaliwayo. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mnazi uliowekwa wakfu kwa ajili ya msikiti haukatwi ukawa kuni. Nazi zake ndizo huuzwa. Sisi tunaoandika ni wahasibu, mawakili wa mirathi na waratibu wa ufadhili, na ombi letu ni kwamba mnazi huo uandikiwe masharti kabla mwanafunzi wa kwanza hajalipiwa hata shilingi moja.

Tuanze kabla fedha hazijawafikia. Chuo kinachopokea fedha za marehemu bila kuona karatasi kinaweza kudaiwa kuzirudisha, na wakati huo mwanafunzi yuko mwaka wa tatu. Ombeni nakala ya wasia uliothibitishwa na mahakama, hati ya usimamizi wa mirathi, orodha ya mali (Fomu Na. 80) na hesabu za mirathi (Fomu Na. 81). Kwa Tanzania Bara, msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ndani ya miezi 6 tangu ateuliwe na hesabu ndani ya mwaka 1. Zikiletwa fedha kabla ya orodha, zipokeeni kwa maandishi, ziwekeni kwenye amana, msimchague mwanafunzi yeyote.

Angalieni pia ni sheria gani iliyomtawala marehemu. Kama ni ya Kiislamu, wasia haupiti thuluthi ya mali baada ya madeni na gharama za mazishi, isipokuwa warithi wote waridhie. Daktari aliyeandika "nusu ya mali yangu" ameacha thuluthi na mgogoro. Kama ni ya kimila, Tangazo la mwaka 1963 linataka mashahidi kwa wasia wa maandishi, na wawemo wa ukoo na wasio wa ukoo. Wasia ulioshuhudiwa na wauguzi wawili wa zamu huanguka hapo. Na kama ni ile Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa enzi za ukoloni, kuna kifungu cha 105 ambacho mawakili wengi hukisahau: mwenye mpwa au ndugu wa karibu zaidi ya mpwa hawezi kuusia mali kwa shughuli za hisani isipokuwa kwa wasia ulioandikwa si chini ya miezi 12 kabla ya kifo, na ukahifadhiwa mahali palipowekwa kisheria ndani ya miezi 6 tangu uandikwe. Wasia mzuri ulioandikiwa kitandani hospitalini wiki tatu kabla ya mauti unaweza kukwama kwa mstari huo mmoja. Kwa hiyo madaktari walio hai wanaowauliza namna ya kuacha ufadhili, waambieni waandike sasa, wakiwa wazima, na wauhifadhi kwa Kabidhi Wasii Mkuu pale RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini.

Sasa suala la nani ashike fedha. Thomas Linacre, daktari wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza, alifariki mwaka 1524 akiwa ameacha fedha za nafasi tatu za kufundisha tiba Oxford na Cambridge. Aliwakabidhi wadhamini wanne kwa majina yao, mmoja wao Thomas More. More alikatwa kichwa mwaka 1535. Nafasi za Oxford hazikupangwa hadi mwaka 1549, miaka 25 baadaye, na aliyezipanga ni mdhamini mmoja aliyekuwa bado hai. Hata baada ya hapo zilisimamiwa ovyo zikapoteza maana kwa karne kadhaa. Mlinganisheni na John Radcliffe, daktari wa London aliyefariki mwaka 1714. Yeye aliacha pauni 600 kwa mwaka za kuwatunza vijana wawili wa Oxford wanaosomea tiba, kwa miaka 10, nusu ya muda huo angalau wakiwa ng'ambo. Uchaguzi wa vijana hao hakuukabidhi kwa marafiki zake. Aliukabidhi kwa vyeo: Askofu Mkuu wa Canterbury, majaji wakuu, mawaziri. Mtu hufa, cheo hurithiwa siku ile ile.

Fanyeni hivyo. Hati ya udhamini itaje vyeo vitano, kwa mfano mkuu wa shule ya tiba, mkurugenzi wa fedha, mshauri wa wanafunzi, daktari mmoja kutoka nje ya chuo, na mwakilishi wa familia. Akidi iwe watatu, na hakuna malipo bila saini mbili. Mwakilishi wa familia asiwe na kura siku ambayo ndugu yake ni mwombaji. Hili liandikwe mapema, kwa sababu siku hiyo ikifika hakuna atakayekuwa na ujasiri wa kulisema. Fedha zikiwa nyingi, wadhamini wasajiliwe RITA chini ya Sheria ya Kuunganisha Wadhamini, Sura ya 318, ili waweze kumiliki mali na kushtaki kwa jina lao. Zikiwa kidogo, mkataba kati ya chuo na mirathi pamoja na akaunti ya peke yake unatosha. Kusajili udhamini kwa ajili ya milioni 30 ni kumlipa wakili ada ya mwanafunzi.

Lakini akaunti ya peke yake haina mjadala. Fedha zikiingia kwenye akaunti ya matumizi ya kawaida hazizai, na mwezi ambao mishahara ya vibarua imechelewa zinaazimwa "kwa wiki mbili". Hakuna aliyeiba. Baada ya miaka minne mkaguzi anaona ufadhili wenye jina zuri na salio la sifuri.

Tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo ufadhili mwingi hufia. Tuseme daktari ameacha shilingi milioni 200, uwekezaji unatoa asilimia 12 kwa mwaka, bei hupanda asilimia 4, na mwanafunzi mmoja wa udaktari anagharimu milioni 5 kwa mwaka kwa kila kitu. Kamati huona milioni 24 za mwaka wa kwanza, ikagawa kwa 5, ikachukua wanafunzi wanne. Mwaka wa pili inatangaza tena, wanne wengine. Kozi ni ya miaka 5. Mwaka wa pili wapo 8, wa tatu 12, wa nne 16, na mtaji umeshaanza kuliwa bila mtu kutamka neno hilo. Mwaka wa tano wapo 20, zinahitajika takriban milioni 117, na mfukoni, mtaji na riba vikijumlishwa, zipo kama milioni 80. Mfuko umekufa kabla hata daktari mmoja hajavaa joho, na vijana 20 wako katikati ya mto.

Hesabu sahihi inaumiza lakini inaishi. Katika zile milioni 24, milioni 8 hurudi kwenye mtaji ili mwakani uwe na nguvu ile ile mbele ya bei mpya. Milioni 1 ni ya ukaguzi, benki na shajala, na isizidi hapo. Zinabaki 15, yaani wanafunzi watatu kwa wakati mmoja. Si watatu wapya kila mwaka; ni watatu kwa jumla, wa miaka yote ya masomo. Kwa kozi ya miaka 5 maana yake ni kupokea mmoja mwaka wa 1, mmoja mwaka wa 3, mmoja mwaka wa 5, kisha nafasi ya yule wa kwanza inafunguka mwaka wa 6, halafu wa 8, halafu wa 10. Kuna miaka ambayo hakuna tangazo kabisa, na ofisi ya uhusiano ya chuo haitafurahi. Tunawaomba muivumilie. Ziada ya miaka miwili ya mwanzo, wakati yupo mwanafunzi mmoja tu, si ya kuchezea: ni akiba inayotakiwa kufikia gharama za mwaka mzima za wanafunzi wote, kwa ajili ya mwaka wa kurudia na msimu mbaya wa riba.

Kuhusu mahali pa kuweka, hati fungani za serikali za muda mrefu, yaani fedha mnazoikopesha serikali kwa riba, ndizo zinazofanana na kazi hii. Aliyenunua hati ya miaka 20 amejihakikishia riba ile ile miaka 20; aliyeweka amana ya mwaka mmoja benki anaanza kubembelezana upya kila mwaka, na riba yake inakatwa kodi ya zuio asilimia 10. Mnada wa Benki Kuu unapokea kuanzia shilingi milioni 1 na kupanda kwa laki moja moja, kwa hiyo zile milioni 8 za kurudishwa zinanunulika bila shida. Riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Chagueni hati ambazo miezi yake ya kulipa inatangulia miezi ya ada, Septemba na Machi kwa mfano. Hati inayolipa Desemba kwa ada ya Novemba inawalazimisha kukopa kila mwaka. Sehemu ya akiba ikae kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, mahali inapotoka kwa siku chache mwanafunzi akipata dharura. Hisa za kampuni moja ambazo marehemu alizipenda, hata kama wasia umezitaja kwa mapenzi, ziwe na ruhusa ya kuuzwa.

Nyumba ni habari nyingine. Daktari akiacha nyumba ya kupangisha badala ya fedha, msihesabu kodi ya miezi 12. Hesabuni 10, toeni kodi ya zuio ya pango, kodi ya majengo inayokatwa kupitia LUKU, kodi ya ardhi, na rangi na mabomba ya kila mwaka. Kinachobaki kilinganisheni na hati fungani ya thamani ya nyumba ile ile. Mara nyingi nyumba inashindwa, hasa ikiwa kuna shangazi anayeishi chumba cha uani ambaye hakuna atakayethubutu kumtoa. Wasia ukiruhusu, iuzwe mapema, uhamisho ufanyike wakati msimamizi wa mirathi bado ana mamlaka.

Na kama fedha ni kidogo, semeni ukweli. Milioni 60 kwa hesabu ile ile zinabakiza chini ya milioni 5 kwa mwaka, hazimtoshi hata mmoja. Kulazimisha udumu ni kuanzisha zawadi ya vitabu yenye jina la ufadhili. Bora familia ikubali mfuko wa kuisha: zitengwe fedha za wanafunzi wawili kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, kama milioni 54 kwa bei zinazopanda, na riba inayopatikana njiani ndiyo akiba yao. Madaktari wawili kamili. Wasia ukiwa umesema "milele", wakili aende mahakamani kuomba tafsiri; kamati isijiamulie.

Msiandike kiwango cha shilingi kwenye hati. Radcliffe aliandika pauni 600, na idadi hiyo ikabaki pale pale huku mali iliyobaki ikikua na kujenga vitu vingine, ikiwemo hospitali iliyofunguliwa Oxford mwaka 1770. Andikeni kinacholipiwa: ada yote, bima ya afya, malazi, chakula, vitabu, na vifaa vya wodini. Hapo kwenye vifaa ndipo waandishi wa hati wasio madaktari husahau. Mwanafunzi anayeanza kuzungukia wodi anahitaji makoti meupe mawili, stetoskopu, mashine ya kupimia presha, tochi, nyundo ya kupimia neva, na nauli ya kwenda hospitali ya mkoa anakopangiwa. Kuna pia pengo kati ya mtihani wa mwisho na kuanza utarajali, miezi ambayo si mwanafunzi tena na bado hajawa na posho. Wekeni posho ya miezi mitatu ya kipindi hicho. Kwa chakula na malazi, kipimo rahisi ni kile cha Bodi ya Mikopo, shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, mfuate kitakapobadilika. Na ilipwe kila mwezi. Bumu, yaani posho, la mkupuo kila mwanafunzi anajua linakoishia.

Mkopo wa Bodi hiyo nao unahitaji kifungu chake. Ufadhili unakaa juu ya mkopo au badala yake? Kijana anayelipiwa yote na wasia halafu ana mkopo pia amechukua nafasi ya mwenzake, na akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kwa deni ambalo hakulihitaji. Yule aliyepata mkopo wa sehemu naye anaweza kuhitaji kujaziwa tu, na hapo milioni 5 zinamtosha yeye na mwingine. Kamati iamue moja, iiandikie Bodi ya Mikopo kuuliza kabla ya kuchagua, jibu liwekwe kwenye faili.

Muda wa kuchagua ni wa kujipanga kinyumenyume. Asiyelipa ada hasajiliwi. Asiyesajiliwa hana kitambulisho cha mtihani wala chumba. Majina ya ufadhili yakitoka Desemba, mlengwa hasa ameshaahirisha masomo na kurudi kwao, na anayepewa ni yule aliyeweza kujilipia muhula wa kwanza. Hivyo ndivyo fedha ya maskini inavyomfikia mwenye nafuu bila mtu kudanganya. Tangazeni wakati wa udahili, mchague mara orodha za waliodahiliwa zinapotoka, na malipo yatoke wiki moja kabla ya usajili.

Masharti ya asili ya mwombaji yanahitaji uangalifu. Daktari akiandika "msichana kutoka kata niliyozaliwa", ipo miaka ambayo kata nzima haina msichana aliyedahiliwa udaktari, na fedha zinalala. Hati iweke ngazi: kata, ikikosa wilaya, ikikosa mkoa, ikikosa taifa, na kila ngazi ipewe siku 14. Neno "kutoka" nalo lifafanuliwe. Tunapendekeza lisome "aliyemaliza darasa la saba katika shule ya eneo hilo", kwa kuwa namba ya mtihani inathibitishika. Kabila na "kwao kwa asili" ni mlango wa ugomvi. Umaskini usithibitishwe kwa barua ya mtendaji peke yake, maana barua hiyo hupewa kila aombaye. Ulizeni kaya kuwemo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, vyeti vya vifo vilivyohakikiwa na RITA kwa yatima, na nani alilipa gharama za kidato cha tano na sita na wapi. Swali hilo la mwisho linafichua mengi kuliko fomu nzima.

Baada ya kuchaguliwa, sharti la kuendelea liwe kufaulu mwaka. Kuweka wastani wa juu wa alama kwenye kozi ambayo anatomia na fiziolojia za miaka miwili ya kwanza huangusha hata waliotoka shule za vipaji ni kuandaa orodha ya watakaofukuzwa. Sapu, yaani mtihani wa marudio, isimnyime mtu fedha. Kurudia mwaka kuruhusiwe mara moja, ada ikilipwa na akiba. Akidisko, yaani akiondolewa masomoni kwa kufeli, malipo yanakoma mwisho wa mwezi huo na nafasi inatangazwa. Ujauzito na ugonjwa viandikwe kwa majina kuwa ni sababu za kuahirisha na nafasi kubaki. Visipoandikwa, msichana anaahirisha kimya kimya na kukuta jina lake limefutwa.

Kuna sharti moja tunalowaomba mlikatae hata familia ikilisisitiza: kumfunga mhitimu kufanya kazi miaka kadhaa kijijini kwa marehemu. Ajira ya daktari na kituo chake cha kazi haviko mikononi mwa chuo wala mwanafunzi, na sharti lisilosimamika linadhoofisha yanayosimamika. Likae kwenye utangulizi wa hati kama matakwa ya marehemu.

Tunachoomba kwenu sasa ni kidogo na kinapimika. Kila chuo kinachoshika fedha za wasia kitoe, kabla ya dirisha la udahili lijalo, ukurasa mmoja kwa kila ufadhili: mtaji ulioanza nao na ulio nao leo, ulipowekezwa, wanafunzi waliopo na mwaka wa kila mmoja bila majina yao, na mwaka ambao nafasi nyingine itafunguka. Nakala iende kwa familia ya marehemu. Pale ambapo mtaji hauonekani, andikeni hivyo hivyo, na tarehe ulipoonekana mara ya mwisho.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wahasibu, mawakili wa mirathi na waratibu wa ufadhili wa masomo